Corolla 110 iliyogoma kuwaka: shajara ya matengenezo, Njombe

Gari ni Toyota Corolla AE110 ya mwaka 1998, ile inayoitwa 110 mitaani. Injini ni 5A-FE ya cc 1,498, gia za mkono, distribyuta ya zamani (inayogawa cheche) na waya nne za plagi. Niliinunua Dar es Salaam mwaka 2017 na kwa miaka yote ya kule haikuwahi kunigomea. Januari 2024 nilihamishiwa Njombe kufundisha, nikapanda nayo. Mpaka Aprili mambo yalikuwa shwari. Mei, baridi ilipoanza kukaza, ikaanza kugoma kuwaka.

Naandika kwa sababu gari za rika hili bado ni nyingi barabarani, na wengi wetu hatuna fedha za kubahatisha vipuri. Kila nilichojaribu nitakitaja pamoja na bei yake, kiwe kilifaa au hakikufaa.

8 Juni 2024: kabla ya kushika spana

Kwanza fedha iliyokwisha kuondoka. Betri mpya ya NS60, sh. 170,000. Plagi nne, 36,000. Ufundi wa kufunga na "kucheki", 20,000. Jumla 226,000, na gari lilibaki vilevile. Kila niliyemweleza alinijibu kabla sijamaliza kusema: betri, plagi, pampu, mafuta machafu.

Kwa hiyo wiki hii sikufungua hata skrubu moja. Nilichukua daftari nikawa naandika kila ninapowasha: joto la nje, gari limesimama muda gani, na stata imezungusha sekunde ngapi. (Sizidishi sekunde 10 kwa mkupuo, kisha naipumzisha dakika nzima. Stata iliyoungua ni gharama nyingine.)

Daftari linasema hivi. Asubuhi, nyuzi 8 hadi 10, gari limelala nje: mikupuo mitatu au minne ya sekunde kumi kumi, kisha linakohoa, linawaka, linatetemeka dakika mbili kama linataka kuzima. Mchana, gari likiwa limekaa juani: sekunde tatu au nne. Nikisimama sokoni dakika 15 au 20 injini ikiwa ya moto: linagoma tena, na likiwaka linatoa moshi mweusi na harufu kali ya petroli. Nikisimama dakika mbili tu: linawaka mara moja.

Hilo la sokoni nilikuwa nimelisahau kabisa nilipokuwa nawaeleza mafundi. Nilikuwa nasema tu "gari halitaki kuwaka".

15 Juni: betri, waya na stata

Nimenunua maltimita, 25,000. Ndiyo fedha niliyoitumia vizuri kuliko zote katika shajara hii.

Betri ikiwa imelala usiku kucha: volti 12.6, imejaa. Mke wangu akipiga stata mimi nikiwa nimeshika mita kwenye vichwa vya betri: volti 10.7. Ikishuka chini ya 9.6 ndipo betri inashukiwa. Maana yake betri haina kosa, na inawezekana hata ile ya zamani haikuwa na kosa.

Lakini stata ilikuwa inazunguka kivivu, nikasikia kwa sikio. Kipimo cha pili ndicho kilichotoa jibu: waya mmoja wa mita kwenye nguzo hasi ya betri yenyewe, mwingine kwenye chuma cha injini, halafu stata ipigwe. Panatakiwa pasizidi volti 0.2. Mimi nilipata 0.9. Karibu volti nzima ilikuwa inapotelea kwenye waya wa hasi badala ya kufika kwenye stata.

Nilifungua waya huo. Pale unapofungwa kwenye gia boksi palikuwa na kutu na oili iliyoganda, na nyuzi za shaba zilikuwa za kijani ndani ya plastiki. Nimeweka waya mpya na kukwangua pale unapokaa mpaka chuma king'ae, 15,000. Kipimo kimeshuka hadi 0.15. Stata sasa inazunguka kwa nguvu.

Asubuhi iliyofuata, nyuzi 9: mikupuo mitatu. Injini inazunguka vizuri zaidi, lakini haiwaki. Nimeondoa kasoro moja ya kweli ambayo haikuwa ugonjwa wenyewe.

16 Juni: plagi kavu, plagi mbichi

Cheche ipo. Nilichomoa waya wa plagi namba moja, nikachomeka plagi ya akiba, nikaiegemeza kwenye chuma cha injini na kuishika kwa koleo yenye mpira. Cheche ya bluu, yenye mlio. Nikaisafisha kepu ya distribyuta kwa ndani, ilikuwa na unga mweupe kwenye ncha za shaba. Hakuna badiliko.

Kisha nikafanya jambo ambalo ningelifanya siku ya kwanza. Asubuhi, baada ya mikupuo miwili iliyoshindwa, nilichomoa plagi zote nne nikazinusa. Kavu. Hata harufu ya petroli ni ya kutafuta. Mchana nikaliendesha hadi likapata moto, nikalizima, nikasubiri dakika 18, likagoma, nikachomoa plagi tena. Mbichi! Zimelowa petroli, nyeusi, na harufu imejaa boneti nzima.

Nilikaa chini nikaziangalia plagi zile kwa muda mrefu. Asubuhi injini inakufa kiu. Mchana inazama. Hakuna kipuri kimoja nilichoweza kukifikiria kinachofanya yote mawili. Mwezi mzima nilikuwa namtafuta mwizi mmoja, kumbe walikuwa wawili, kila mmoja ana saa yake. Na kila dawa niliyoijaribu nilikuwa naipima kwa swali lisilo sahihi, kwa sababu ikisaidia asubuhi mchana ungeikana.

Kuanzia leo naandika kurasa mbili tofauti kwenye daftari: BARIDI na MOTO.

22 Juni: kompresheni, na nusura ninunue injini

Gereji ya jirani walinipimia kompresheni (nguvu ya silinda kubana hewa), 20,000. Namba zilizotoka: 118, 115, 119, 113. Fundi alifuta mikono, akaniambia kwa huruma kabisa, "Mwalimu, injini imechoka. Ringi zimekwisha. Tafuta injini nyingine, mimi nitakufungia kwa bei ya ujirani." Injini iliyotumika, kwa bei aliyonitajia, ni 1,300,000.

Fundi huyu ni mtu mwaminifu, na kwa namba zile hata mimi ningesema hivyo. Injini hii ikiwa nzima inatakiwa kutoa karibu paundi 191 kwa inchi ya mraba, na chini ya 142 haifai. Lakini nilikuwa nimesimama pembeni wakati anapima, na kijana aliyekuwa anapiga stata hakukanyaga mafuta. Kipepeo cha hewa kikiwa kimefungwa, silinda zinakosa hewa ya kubana. Nikasema, "Fundi, naomba turudie, mguu ukiwa chini kwenye mafuta." Hakuchukia. Injini bado ilikuwa ya moto, plagi zote nje, fyuzi ya EFI (mfumo wa kupulizia mafuta) imechomolewa.

Mara ya pili: 146, 143, 147, 140.

"Bado ziko chini," akasema, na kwa kitabu cha matengenezo ni kweli, zilikuwa karibu na mwisho. Nikaenda nazo nyumbani. Usiku ndipo hesabu ilinijia, na najilaumu kwamba ilichelewa, maana presha ya hewa naifundisha darasani.

Namba 191 ni ya pwani. Usawa wa bahari hewa inatukandamiza kwa paundi 14.7. Njombe mjini tuko karibu mita 2,000 juu, na hapa imebaki kama 11.5. Silinda inabana hewa iliyopo. Kipimo nacho kinaanza kuhesabu kutoka sifuri yake, si kutoka sifuri ya kweli, kwa hiyo unaongeza kwanza hewa ya nje, unazidisha, kisha unaitoa: 191 na 14.7 ni 205.7, zidisha kwa 11.5, gawanya kwa 14.7, unapata karibu 161, toa 11.5, inabaki 149 au 150. Injini mpya kabisa ya aina hii ikipimwa Njombe itasoma 150 hivi. Ile 142 ya mwisho inakuwa kama 111.

Kwa hiyo 146, 143, 147 na 140 ni injini nzima. Tofauti kati ya silinda na silinda ni paundi 7, na inaruhusiwa hadi 14.

Jumatatu nilimpelekea fundi hesabu hiyo kwenye karatasi. Aliisoma mara mbili, akaibandika ukutani juu ya meza yake. Kama uko Njombe, Makete, Mbeya, Lushoto au popote palipo juu, tafadhali fanya hesabu hii kabla hujauza ng'ombe kununua injini.

29 Juni: kompyuta haina la kusema, presha inashuka

Chini ya boneti kuna kiboksi cheusi chenye kifuniko. Ukiunganisha tundu TE1 na E1 kwa kipande cha waya na kufungua swichi bila kuwasha, taa ya injini kwenye dashibodi inapepesa namba za kasoro. Yangu ilipepesa mfululizo bila kupumzika, maana yake hakuna kasoro iliyoandikwa. Nilifarijika, na faraja hiyo ilinipotosha wiki mbili. Kompyuta ya rika hili inalalamika sensa ikikatika waya au ikipiga shoti. Sensa inayosema uongo unaoaminika haikamatwi.

Nimenunua kipimo cha presha ya mafuta, 75,000, nikakiunganisha juu ya filta. (Kabla ya kufungua bomba lolote: chomoa plagi ya umeme ya pampu chini ya kiti cha nyuma, acha injini iendelee hadi ijizimie, ndipo ufungue. Mimi niliweka na ndoo ya mchanga pembeni. Petroli haina mchezo.) Kwenye kiboksi kilekile, ukiunganisha +B na FP pampu inazunguka bila stata. Presha: paundi 41. Inatakiwa 38 hadi 44. Safi.

Nikazima. Kitabu kinataka baada ya dakika tano iwe haijashuka chini ya 21. Yangu ilifika sifuri katika dakika tatu.

Hapa ndipo nilipokosea vibaya. Nikajisemea: presha inakimbia usiku, asubuhi mabomba ni matupu, ndiyo maana plagi kavu. Pampu ina vali ndogo ya kuzuia mafuta yasirudi kwenye tenki, basi vali imekufa. Hoja ilikuwa nzuri mno, nikaipenda, sikuijaribu.

6 Julai: pampu, sh. 65,000, bure

Pampu iliyotumika kutoka Makambako, 65,000, nimeifunga mwenyewe. Kazi yenyewe ni ya saa moja, kiti cha nyuma kinang'oka kirahisi.

Presha baada ya kuzima: sifuri, dakika tatu. Asubuhi: mikupuo minne.

Nilikasirika kiasi cha kufunga boneti na kuliacha gari siku nzima.

7 Julai: jaribio la shilingi sifuri

Sabasaba, hakuna kazi, nyuzi 8. Jaribio hili nililiwaza kitandani, na lingeniokolea pampu. Ikiwa shida ya asubuhi ni mabomba matupu, basi nikiyajaza kabla ya kupiga stata gari litawaka. Kwenye Toyota za rika hili kufungua swichi tu hakuzungushi pampu, inasubiri stata. Kwa hiyo nikaunganisha +B na FP, nikaiacha pampu inguruma sekunde 15, kipimo kikasoma 41, nikapiga stata.

Haikuwaka. Presha ipo, cheche ipo, kompresheni ipo, plagi kavu.

Nikafungua bomba la hewa, nikapulizia dawa ya kusafishia kabureta kwenye throto (penye kipepeo cha hewa) kwa sekunde moja tu (kopo 8,000), nikarudisha bomba, nikapiga stata. Iliwaka papo hapo, ikatetemeka, ikazima. Nikarudia, ikawaka tena.

Sasa jambo likawa wazi. Mafuta yanafika mpaka mlangoni, lakini nozeli zinazoyapulizia kwenye injini hazifunguki vya kutosha. Injini baridi inahitaji mafuta mengi zaidi, kwa sababu petroli inagandia kwenye kuta za bomba badala ya kuwa mvuke. Nani anaiambia kompyuta kwamba injini ni baridi? Sensa ya joto la maji.

14 Julai: rezista ya shilingi mia tano

Sensa hiyo iko upande wa gia boksi, kwenye nyumba ya maji inayotoka kwenye kichwa cha injini. Ina waya mbili na plagi ya kijani. Ndani yake kuna kitu ambacho ukinzani wake unapanda baridi ikipanda: nyuzi 20 inasoma omu 2,000 hadi 3,000, nyuzi 80 inasoma omu 200 hadi 400. Kwa asubuhi ya nyuzi 9 nilitarajia kama 3,900.

Nilichomoa plagi, nikapima. Omu 610.

Omu 610 ni injini yenye nyuzi 60. Kila asubuhi, umande wa baridi ukiwa juu ya majani, sensa ilikuwa inaiambia kompyuta kwamba injini imeshapata moto, punguza mafuta. Dar es Salaam uongo huo haukuonekana, kwa sababu asubuhi ya nyuzi 26 injini hainyimwi sana. Sensa haikuharibikia Njombe. Njombe iliifichua tu.

Safari hii sikukimbilia dukani. Nilikuwa nimepita kwa fundi redio jana, nikamwomba rezista (kipande chenye ukinzani usiobadilika) ya omu 3,900, yenye mistari ya rangi ya chungwa, nyeupe na nyekundu. Shilingi 500. Nikaichomeka kwenye plagi ya kijani badala ya sensa, nikaingia ndani, nikapiga stata.

Sekunde mbili. Haikukohoa, haikutetemeka, ikanguruma kama ilivyokuwa Dar. Nilibaki nimeshika usukani nikiisikiliza. Mke wangu alitoka nje akauliza, "Imekubali?" Sikuweza kumjibu mara moja.

Rezista hiyo ni ya kupimia tu. Ukiiacha, kompyuta itaamini injini ni baridi siku nzima na kuimwagia mafuta. Nimeitoa.

20 Julai: sensa mbili, moja si yenyewe

Kosa la kwanza: nilienda duka la vipuri hapa mjini bila sampuli. Nilisema "sensa ya joto la maji ya 110" nikapewa, 15,000. Nyumbani naona ina waya mmoja. Kwenye nyumba ileile ya maji kuna ya waya mmoja, inayoendesha geji ya dashibodi, na ya waya mbili, inayozungumza na kompyuta. Dukani hawarudishi vifaa vya umeme. Beba ya zamani mkononi.

Ya waya mbili, iliyotumika, aliinunua shemeji Ilala, Dar, ikaja kwa basi, 35,000 pamoja na usafirishaji. Kabla ya kuifunga niliipima kwenye sufuria ya maji pamoja na kipimajoto cha maabara: nyuzi 20, omu 2,420, nyuzi 80, omu 310. Kipuri kilichotumika hakiaminiki kwa sura.

Kosa la pili: niliifunga, nikajaza kuleti, yaani maji ya kupoza injini (12,000), nikafunga kifuniko cha rejeta na kuondoka. Kilomita nne tu, geji ikapanda hadi karibu na nyekundu huku hita ikipuliza hewa baridi. Nilisimama pale pale. Hewa ilikuwa imenaswa ndani ya mfumo. Nilisubiri injini ipoe kabisa, nikafungua kifuniko, nikaweka hita kwenye moto wa mwisho, nikaiacha injini ingurume huku naongeza maji hadi mapovu yakaisha. Kama dakika 20. Fanya hivyo kabla hujatoka nyumbani. Kuunguza gasketi ya kichwa kwa ajili ya sensa ni hasara isiyoelezeka.

27 Julai: ukurasa wa BARIDI unafungwa, wa MOTO unafunguliwa

Asubuhi sita mfululizo, nyuzi 7 hadi 10: sekunde moja, mbili, moja, mbili, mbili, moja.

Sokoni, dakika 18: limegoma, moshi mweusi. Kama nilivyotarajia. Nikikanyaga mafuta mpaka chini wakati wa kupiga stata linawaka mapema zaidi, kwa sababu hewa inaingia nyingi na kukausha silinda. Huo ni ushahidi mwingine kwamba linazama.

Presha inayokufa kwa dakika tatu bado sijaipatia jibu. Inaweza kukimbilia mahali patatu: kurudi kwenye pampu, kupitia regyuleta (kifaa kinachodhibiti presha ya mafuta), au kuvuja kwenye nozeli. Leo nimefanya nilichopaswa kufanya tarehe 29 Juni. Nilizungushia kitambaa kwenye bomba la mpira linaloleta mafuta kutoka tenki, na mara tu baada ya kuzima nikalibana kwa koleo. Presha ikaendelea kushuka vilevile. Pampu haihusiki, na ile ya zamani haikuwa na kosa lolote. Nikabana bomba la kurudi tenki. Bado inashuka. Kwa hiyo petroli hairudi kwenye tenki, inaingia kwenye injini.

Regyuleta ina kimpira chembamba cha hewa kinachokwenda kwenye manifoldi (mabomba yanayoingiza hewa kwenye silinda). Kimpira kile kinatakiwa kiwe kikavu daima. Nilikichomoa, nikakiinamisha juu ya kiganja. Tone la petroli likaanguka, kisha la pili.

Ngozi ndani ya regyuleta imepasuka. Ukizima injini, mafuta yenye presha yanapenya kwenye kimpira na kumwagikia kwenye manifoldi ya moto. Dakika mbili bado ni kidogo. Dakika 15 manifoldi imejaa mvuke mzito na plagi zinalowa. Yakipita masaa matatu au usiku kucha, yamekwisha kuyeyuka na kuondoka, ndiyo maana asubuhi plagi zilikuwa kavu. Kila kitu kwenye daftari kimepata mahali pake.

Kuchomoa kimpira hiki ni kazi ya nusu dakika na hakihitaji hata spana. Ningeanza nacho.

8 Agosti: regyuleta

Nanenane. Regyuleta kutoka Ilala, 45,000 na usafirishaji. Boliti mbili tu na bomba la kurudi. Nilipofungua, oringi (pete ya mpira) ya zamani ilionekana nzima, nikairudisha.

Nilizungusha pampu kwa waya kabla ya kuwasha injini, na namshukuru Mungu kwa tabia hiyo. Petroli ilitiririka chini ya regyuleta juu ya manifoldi. Kama ningepiga stata, cheche ziko umbali wa mkono. Oringi ilikuwa imekauka ikawa ngumu kama plastiki, na haikuweza kukaa upya kwenye kiti kipya. Nikafuta, nikaacha boneti wazi saa nzima, nikanunua oringi mpya ya mafuta (si ya maji, mpira wake ni tofauti), 3,000. Niliipaka petroli kidogo, nikaiingiza kwa kuizungusha kwa vidole, ndipo nikakaza. Pampu tena: pakavu.

Presha baada ya kuzima: dakika tano, paundi 34.

10 Agosti: oili

Stiki ya oili ilikuwa inaonyesha juu ya alama ya mwisho, wakati mimi sikuongeza oili tangu Machi. Ikinuswa, petroli. Mafuta yaliyokuwa yanazamisha silinda yalikuwa yanateremka kwenye sampu (bakuli la oili chini ya injini) na kuipunguza oili unene. Nimemwaga yote, filta mpya, oili mpya, 58,000. Nimeweka 10W-40 badala ya 20W-50 niliyozoea Dar. Asubuhi za huku ile nzito inaigandamiza stata bila sababu.

Ukigundua regyuleta au nozeli inavuja, usiache kubadilisha oili. Beringi za injini hazitakupa onyo la pili.

17 Agosti: hesabu

Gharama tangu tarehe 8 Juni. Vilivyotibu: waya wa hasi 15,000, sensa 35,000, kuleti 12,000, regyuleta 45,000, oringi 3,000, jumla 110,000. Oili na filta, 58,000. Vyombo vinavyobaki kwangu: maltimita na kipimo cha presha, 100,000. Vipimo vya matumizi: kompresheni 20,000, dawa ya kabureta 8,000, rezista 500. Makosa yangu: pampu 65,000 na sensa ya waya mmoja 15,000, jumla 80,000. Yote kwa pamoja 376,500, na ukiongeza zile 226,000 za mwanzo inakuwa 602,500.

Pampu ya zamani nimeisafisha na kuihifadhi kwenye boksi. Yeyote wa hapa Njombe mwenye 110 na pampu iliyokufa kweli aje aichukue, ni nzima, nimeipima.

Sokoni leo, dakika 20, jua kali: sekunde moja. Asubuhi, nyuzi 7: sekunde mbili.